Homofoni za Kiingereza katika Sikio la Mtoto Mswahili
Orodha za homofoni wanazokaririshwa wanafunzi wa shule za msingi, kama vile sea na see, zina kasoro moja kuu: zimeundwa kwa sikio la Mwingereza. Kiswahili kina irabu tano tu. Hivyo, mtoto anayekizungumza huelekea kusikia cat na cut kuwa neno moja, ilhali jozi hiyo haimo orodhani. Aidha, maneno ya Kiswahili yatamkwayo sawa huandikwa sawa, mathalani kaa la moto na kaa wa baharini. Kwa hiyo, aandikapo see badala ya sea, hajazembea. Amefuata kanuni ya tahajia ya lugha yake. Mwalimu aanze kwa kuidhihirisha kanuni hiyo, kisha aoneshe Kiingereza kinapoachana nayo. Kumwadhibu kabla ya hapo ni kuliadhibu sikio lililofunzwa vyema.