Masharti ya Nyumba kwenye Bati

Kabla hajagusa rangi, fundi huyu wa mabango husoma. Karakana yake ni kibaraza cha duka mjini Tanga, na mezani pana makopo ya rangi ya mafuta, brashi, rula ndefu ya mbao, chaki na uzi. Mama mmoja mwenye nyumba ya kupangisha ameleta masharti kwenye karatasi ya daftari, anataka yaandikwe kwenye bati. Fundi anayasoma kimya, kisha kwa sauti, kisha, kwa maneno yake mwenyewe, "kama mpangaji mkorofi".

Sharti la kwanza: "Taka na maji machafu yasimwagwe uani." Penseli inasimama chini ya *ya-*. Taka huenda na *zi-*, maji na *ya-*, na kitenzi ni kimoja, kwa hiyo kimefuata nomino iliyo karibu nacho. Ndivyo watu wanavyoandika, wala mwalimu hatakupa kosa. Ila mkorofi atasema aliyokatazwa ni maji tu. Tena taka hazimwagwi, hutupwa. Fundi anajaribu pembeni "vitu hivi visimwagwe", anaitazama, anaikata.

"Mama, taka wazipeleke wapi?"

"Kwenye pipa, kule nyuma."

"Na maji?"

"Kwenye karo, fundi. Wanajua."

Anaandika: "Taka zitupwe kwenye pipa. Maji machafu yamwagwe kwenye karo." Kila nomino imepata kitenzi chake.

La pili ni gumu zaidi: "Mgeni wa mpangaji atakayefanya fujo ataondolewa." Nani ataondolewa? Mgeni ni mtu, mpangaji ni mtu, na *atakaye-* inawafaa wote wawili. Ingekuwa mzigo wa mpangaji, *utakao-* ingemaliza ubishi hapo hapo. Hii ndiyo raha ya ngeli: huonyesha nani anasemwa bila kuongeza neno, mradi wanaosemwa wawe wa ngeli mbili. Wakiwa wa ngeli moja, sentensi lazima ivunjwe na kuundwa upya. Anaiunda: "Mgeni akifanya fujo, mgeni huyo ataondolewa na mwenyeji wake ataonywa." Lakini hapo *na* inaweza kusomeka kwamba mgeni anaondolewa na mwenyeji wake. Anatia nukta baada ya "ataondolewa", anaanza sentensi mpya: "Mwenyeji wake ataonywa." Nilikuwa nimeshatosheka na ile ya kwanza.

Kisha: "Mbwa na watoto wasiofungwa hawaruhusiwi barazani." Mama mwenyewe anacheka. Mbwa, kwa kuwa ni kiumbe hai, huenda na *wa-* kama watoto, na kugeuza mpangilio hakusaidii kitu. Zinatoka sentensi mbili, na swali moja: watoto wasicheze kabisa, au usiku tu? Usiku tu. Saa 2 inaandikwa.

Wanaodhani kazi hii ni ya mabango peke yake wakumbuke kwamba tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria nchini Tanzania. Mwandishi wa muswada naye atakutana na *atakaye-* yenye watu wawili nyuma yake.

Sharti la mwisho linakataza "kupika, kufua n.k." barazani. Hiyo *n.k.* inakatwa bila mjadala. Mama anaulizwa anachokusudia, anataja kutwanga, kutwanga kunaandikwa.

Sasa ndipo uzi unapakwa chaki, unavutwa juu ya bati, unadundwa, mstari mweupe unatokea. Anaanza kupima sentensi iliyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayoamua ukubwa wa herufi. Hakati neno mwishoni mwa mstari, hasa la kukataza. Kuhusu maneno hayo ana hofu moja ya kifundi: kati ya "wasicheze" na "wacheze" kuna herufi mbili tu, na jua la ukutani halichagui. Ndiyo maana pale inapowezekana huandika jambo lifanyike wapi badala ya kukataza, na pale asipoweza kukwepa, *si* huipaka rangi mara mbili.

Mama anauliza kama atalichukua jioni. Rangi ya mafuta haikauki upesi hivyo. Fundi anamwambia kesho kutwa, na anamrudishia karatasi aisome tena kabla brashi haijaanza.