Sauti ya Mzee Majuto, Kama Ilivyosikika Bariadi

Msomaji wa kurasa hizi, aliyezoea kukuta humu vina na mizani, huenda akastaajabu kumwona mchekeshaji wa filamu akipewa nafasi ya malenga. Nami ningestaajabu, kama nisingalikuwa Bariadi usiku wa tarehe 8 Agosti 2018.

Nilimsindikiza mpwa wangu aliyepeleka karafuu na mdalasini kwenye viwanja vya Nyakabindi, ambako Maonyesho ya Nane Nane yalifanyika kitaifa mwaka huo. Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado mchanga, umemegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, na Bariadi, makao makuu yake, ilikuwa imejaa wageni na vumbi la kiangazi. Usiku tulikuwa tukila wali kwa mama mmoja karibu na stendi, ndipo habari ikaingia, ikipita simu hadi simu: Amri Athumani, yule King Majuto, amefariki dunia Muhimbili.

Nilitazamia watu wataje filamu zake. Hakuna aliyetaja hata moja. Kijana mmoja wa bodaboda aliinamisha kichwa, akatoa sauti ya mzee: mkwaruzo wa kooni, irabu iliyovutwa, kisha kimya kidogo, kisha neno moja tu. Watu wakacheka, na mama mwenye wali akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Mwengine naye akajaribu. Maneno aliyapata sawasawa, lakini kile kimya akakifupisha, na hakuna aliyecheka. Nikajua kuwa nimeketi miongoni mwa wahakiki.

Majuto alizaliwa Tanga mwaka 1948, akapanda jukwaani angali mtoto, mwaka 1958, na hakuiacha sanaa kwa takriban miaka 60. Umri huo wa kazi ndio ufunguo wa kumwelewa. Kizazi chake kililelewa na jukwaa na redio, katika zama ambazo kipindi cha Pwagu na Pwaguzi cha Radio Tanzania Dar es Salaam kiliweza kuwakusanya jamaa wa nyumba nzima mbele ya kisanduku kisicho na picha. Mchekeshaji wa zama hizo alijua kwamba akilikosa sikio, hana jicho la kukimbilia. Kamera za video zilipomfikia, zilimkuta amekwisha kukamilika. Tumbo, kofia na macho ya kutumbua vilikuwa nyongeza tu.

Sanaa yenyewe ilikuwaje? Kila mshairi wa tarbia anaijua pumzi iliyopo baina ya ukwapi na utao. Si mapumziko ya koo. Hapo ndipo msikilizaji hutangulia kukisia kina kitakachokuja, akafurahi kwa kupatia au kwa kudanganywa. Majuto aliifanyia kazi pumzi hiyo. Mwenzake akishamaliza kusema, yeye hakujibu. Aliliacha neno lilale chini, akalitazama kama mtu aliyeokota kitu asichokijua, kisha akajibu swali jengine kabisa, ambalo hakuulizwa. Au alilirudia neno la mwenzake lile lile, akiivuta irabu ya mwisho mpaka neno la heshima likawa tusi, na la tusi likawa ombi. Mara nyingi katika mazungumzo ya namna hiyo huonekana dhahiri kuwa hakuna aliyeyaandika. Mwenzake mwenyewe hujizuia asicheke.

Mimi ni mfasiri, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kamusi na usiku mwingi, na siku moja nilijaribu kuyahamishia maneno yake kwenye Kiingereza, kwa kujipima tu. Kilichobaki kwenye karatasi kilikuwa mzee anayetaka nyama na hataki kuilipia. Nikaichana.

Lakini huyo mzee si jambo dogo. Kwetu sisi, Pwani na bara, mvi ni amana. Mwenye mvi huamkiwa shikamoo, hupishwa kiti, husikilizwa hata akikosea. Majuto alimchukua mzee huyo na kumwonyesha akiitumia heshima yake kama fedha ya sokoni: anainunulia chakula, anakwepea deni, anawaendea nayo wasichana walio sawa na wajukuu zake. Sauti yake ilimsaliti kila mara, kwani ndani ya pumzi moja ilishuka kutoka kwa mzee wa baraza hadi kwa mtoto aliyenyang'anywa andazi. Ndiyo maana alipoigiza pamoja na Hussein Mkieti, yule Sharo Milionea aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza tarehe 26 Novemba 2012, wawili hao walilingana vizuri mno. Kijana alijivika sauti ya mjini isiyo yake, na mzee alijivika hekima isiyo yake. Tangu kijana yule atutoke, Majuto hakupata mwenza wa kumfaa kiasi kile.

Sitazisifu filamu zenyewe. Nyingi zilipigwa kwa haraka, hadithi zimefanana, taa mbovu, na mwisho wake ni mwisho wa mkanda badala ya mwisho wa kisa. Wanawake humo, wengi wao, ni chambo au ni kelele. Katika mabanda ya video watu hawakuuliza jina la filamu. Waliuliza kama ipo "ya Majuto", na muuzaji alijua la kuwapa. Mhakiki wa filamu ana haki ya kulalamika. Mhakiki wa ushairi, aliyezoea kuokota ubeti mmoja mzima katika diwani iliyochakaa, anajua pa kutazama.

Lipo pia jambo la Usukumani, nami kama mtu wa visiwani nalisema kwa haya kidogo. Mchekeshaji wa Pwani anapoishiwa na la kusema, humwigiza Msukuma. Kisukuma ni lugha ya toni, Kiswahili sicho. Basi Msukuma akisema Kiswahili sauti yake hupanda na kushuka, na sisi tukaifanya kupanda na kushuka huko kuwa kichekesho kilichokamilika. Ni uvivu, wala si utani, kwani mtani wa kweli hukubali kutaniwa. Katika kazi za Majuto nilizozitazama, aliyechekwa ni yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Tanga. Sikio lililozoea toni lilimsikiliza kwa makini kuliko letu, kwa kuwa limefunzwa kwamba sauti ikibadilika, maana nayo imebadilika. Na watu hawa si wepesi wa kuridhika. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Mcheza ngoma aliyechosha hutazama watazamaji wake wakihamia ng'ambo.

Sauti hiyo iliyovuta watu ndiyo iliyomletea mzee uchungu wa mwisho. Waliotaka kuuza bidhaa waliitafuta kwa matangazo, na mwaka 2018, akiwa mgonjwa, yakazuka malalamiko kwamba mikataba yake mingine haikumlipa alivyostahili. Mwezi Mei wa mwaka huo Waziri mwenye dhamana ya sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Mzee alipelekwa India kwa matibabu, akarudi, akafariki kabla Agosti haijafika katikati. Tulikuwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, nayo humtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake. Kwa miaka 19 sheria hiyo ilikuwapo kwenye karatasi, na sauti ya mtu huyu ikiendelea kuuzwa madukani kutoka Tanga hadi Bariadi. Sisi washairi, ambao mashairi yetu huimbwa harusini pasipo majina yetu, tulipaswa kuwa wa mwanzo kupiga kelele. Hatukupiga. Tulimwona ni mchekeshaji tu.

Ijumaa, tarehe 10, alizikwa kwao Tanga. Siku hiyo tulikuwa ndani ya basi tukitoka Bariadi kuelekea Mwanza. Kabla ya kufika Lamadi, utingo aliweka mkanda wa zamani wa Majuto katika ile televisheni ndogo iliyo juu ya dereva, picha imejaa mistari hata nyuso hazionekani. Kando yangu alikaa bibi mmoja wa Kisukuma aliyenisalimu "mwangaluka" na kuniacha bila jibu la maana, maana Kiswahili chake kilikuwa kichache na Kisukuma changu hakipo. Hakuwa akitazama, alifunga macho, mkoba wa ukindu mapajani. Mtu mmoja katika filamu akamuuliza mzee swali. Mzee akanyamaza. Bibi akaanza kucheka, na mzee alikuwa bado hajajibu.