Printa ya Nyumbani Nandagala: Hesabu Kwanza, Duka Baadaye

Nyumba yetu ya Nandagala, wilayani Ruangwa, ilipoamua kununua printa, hatukuanza na bei ya mashine. Tulianza na daftari. Kila mwenye haja aliandika anachochapisha kwa mwaka: mazoezi ya watoto wa shule, barua na mihtasari ya vikao vya kikundi, nakala za vyeti na vitambulisho, na picha za harusi, za mahafali na za wajukuu.

Daftari lilionyesha mambo mawili. Kwanza, kurasa za maandishi ni nyingi kuliko picha. Pili, kazi huja kwa msimu. Shule zikifunguliwa, mashine haipumziki. Minada ya ufuta na korosho inayosimamiwa na RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikikaribia, kila mtu anatafuta kopi. Kati ya misimu hiyo printa hukaa wiki nyingi bila kuguswa. Hili la pili ndilo lililoamua karibu kila kitu, kwa sababu wino wa maji hukauka na umeme hukatika.

Tulianza kuchuja na printa ndogo za katriji, zile za bei rahisi zinazopangwa mbele dukani. Katriji nyeusi ya HP 123 imepimwa kutoa takriban kurasa 120, na ya rangi kurasa 100. Jaribio moja la darasa lenye wanafunzi 40, kurasa tatu kwa kila mwanafunzi, linamaliza katriji nzima. Picha inayojaza karatasi inakula wino mara nyingi zaidi ya ukurasa wa maandishi. Unafuu wa siku ya kununua unaliwa na katriji ya pili na ya tatu. Tukaziacha.

Zikafuata printa za leza, kama HP LaserJet P1102 inayofahamika sana kwenye steshenari. Hizi zina sifa kubwa kwa mazingira yetu: tona ni unga, kwa hiyo haikauki. Iache miezi mitatu, siku ukiiwasha inachapa vilevile. Tona yake ya 85A hutoa takriban kurasa 1,600, na maandishi yakilowa hayachuji. Anayehitaji maandishi tu aishie hapa, asihangaike zaidi. Lakini mashine hii haina rangi. Tena, ili unga ushike kwenye karatasi, roli ya ndani lazima ipate moto unaokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, na moto huo unavuta mamia ya wati kwa mpigo. Mwenye umeme wa LUKU hatauona ugumu huo, ila inveta ndogo ya sola hujizima roli inapoanza kupashwa.

Zikabaki printa za tangi, zinazojazwa wino kwa chupa. Epson ilianza kuziuza mwaka 2010 nchini Indonesia, kisha Canon na HP zikafuata. Chupa nyeusi ya ml 65 ya Epson L3250 hutoa takriban kurasa 4,500. Ile ya ml 135 ya Canon PIXMA G hutoa takriban 6,000. Zikiwa kazini hutumia wati kumi na kitu tu, mzigo ambao hata inveta ndogo inaubeba.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hufunga hesabu, kumbe ndani ya tangi kuna swali jingine: wino mweusi ni wa aina gani? L3250 hutumia wino wa rangi iliyoyeyuka kwenye rangi zote nne. Unapendeza kwenye karatasi ya picha, lakini barua ikinyeshewa, maandishi yanatawanyika. Canon PIXMA G na HP Smart Tank zina wino mweusi wa pigmenti, yaani chembe zinazokaa juu ya karatasi na kustahimili maji, pamoja na rangi tatu za kuyeyuka kwa ajili ya picha. Gharama yake iko kwenye picha: wino wa pigmenti haushiki vizuri kwenye karatasi ya kung'aa, hivyo weusi hutengenezwa kwa kuchanganya rangi tatu. Nywele, suti nyeusi na vivuli vya ngozi yetu hupungua kina kidogo. Anayetanguliza picha atafute ya rangi sita, kama Epson L8050, akijua kwamba haina skana, kwa hiyo haitoi kopi.

Kwetu maandishi ndiyo mengi, na hati ya kijiji hubebwa kwenye bodaboda hata masika. Tukachagua printa ya tangi yenye weusi wa pigmenti, skana, na Wi-Fi yake yenyewe, ambayo inapokea kazi kutoka kwenye simu bila kula bando. Picha za albamu tunachapa nyumbani. Picha kubwa ya ukutani inakwenda studio mjini.

Kwa picha hizo za albamu, sentimita 10 kwa 15, inatosha faili lenye pikseli 1,200 kwa 1,800. Simu nyingi za sasa zinavuka kiwango hicho. Kinachoharibu ni kutumiana WhatsApp kwa njia ya kawaida, ambayo huipunguza picha. Itume kama dokumenti ifike nzima.

Chaguo hili lina masharti yake. Kila wiki tunachapa ukurasa mmoja wenye rangi zote ili wino usigande kwenye vitundu vya kichwa cha kuchapia. Printa inazimwa kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya, kwa sababu kitufe ndicho kinachorudisha kichwa kwenye kifuniko chake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi na kuanza kukauka. Umeme ukirudi tu, iwashe printa, kisha izime kwa kitufe. Ukiona mistari inaruka, chapa kwanza ukurasa wa kukagua vitundu kabla ya kuamuru usafishaji, maana kila usafishaji unamwaga wino kwenye sponji ya taka, na sponji hiyo ikijaa mashine inagoma.

Ndugu msomaji, kabla hujatoa fedha, uliza mambo matatu: wino wake halisi unapatikana Ruangwa au Nachingwea, na kwa bei gani, weusi wake ni wa pigmenti au wa kuyeyuka, na kichwa chake kikiziba, kinabadilishika? Muuzaji akishindwa kujibu, nenda duka jingine.