Kamusi za Kompyuta na Mzizi wa Neno: Kupima Vyombo vya Kufundishia Kiswahili

Vyombo vya kompyuta vilivyotungwa kwa ajili ya Kiswahili vimekuwa vingi, na aghalabu kila kimoja kimesifiwa kwa upesi wake. Mwanafunzi apata maana ya neno papo hapo; apata tafsiri ya ukurasa mzima kabla kengele haijalia. Hapana anayekana kwamba upesi ni neema. Walakini chombo kiingiacho darasani chashika sehemu ya kazi ya ualimu, kitake kisitake, wala upesi peke yake haujapata kuwa kipimo cha mwalimu. Kwa hiyo hakina budi kupimwa kwa swali jingine, nalo ni hili: chamfundisha nini mwanafunzi kuhusu muundo wa lugha yenyewe?

Swali hili limepata nafasi ndogo. Serikali ya Kenya ilipoanza kuwagawia watoto wa darasa la kwanza vishikwambi mwaka 2016, na Tanzania ilipowapa walimu vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022, mazungumzo yalihusu zaidi umeme, ulinzi wa vifaa na mafunzo ya walimu. Hayo yote ni ya lazima. Lakini kifaa kikishawashwa, kinachotokea juu ya kioo chake ni somo, na somo likiwa la Kiswahili wataalamu wa lugha wana wajibu wa kulipima. Hapa vitatazamwa vyombo vya aina tatu: kamusi ya mtandaoni, kichanganuzi cha maneno, na mashine ya kutafsiri.

Kabla ya kuvitazama, yafaa kukumbuka jambo moja kuhusu kamusi ya Kiswahili iliyo ya karatasi. Katika Kiingereza, mtu atafutaye neno hutazama herufi yake ya kwanza, na mara nyingi hiyo yamtosha. Katika Kiswahili haitoshi. Mwanafunzi akikuta neno *hatukumwandikia*, asilitafute chini ya H. Sharti kwanza alivue viambishi vyake kimoja kimoja: *ha-* ya kukanusha, *-tu-* ya watendaji, *-ku-* ya wakati uliopita katika kanusho, *-mw-* ya mtendewa, na mwishoni *-i-* ya kauli ya kutendea pamoja na kiishio *-a*. Kinachobaki ni mzizi *-andik-*, na hapo ndipo aweza kufungua ukurasa wa A. Hivyo kulitafuta neno ni kulichambua, na asiyejua kulichambua hatalipata. Usumbufu huo, ambao wageni wengi wameulalamikia, ni zoezi la sarufi lililofichwa ndani ya kitabu cha msamiati.

Watungaji wa kamusi wenyewe hawakuafikiana juu ya kadiri ya usumbufu huo. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, ambayo Frederick Johnson aliisimamia juu ya msingi wa kazi ya Madan, iliweka majina mengi chini ya vitenzi vilivyoyazaa. Atakaye *mwandishi*, *mwandiko* au *maandishi* yampasa aende kwenye *andika*, na huko atawakuta ndugu wote wa ukoo mmoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili na kutolewa mwaka 1981, ilifuata njia nyingine: *mwandishi* lapatikana chini ya M, mahali ambapo msomaji mwenye haraka angelitazamia. Kila njia ina hoja yake. Ya kwanza yafaa kujifunzia, ya pili yafaa kusomea. Lililo muhimu ni kwamba mpango wa kamusi si jambo la uchapaji tu. Ni rai juu ya jinsi lugha inavyofahamika. Kompyuta haikuuanzisha ubishi huo, bali imeurithi.

Ama kamusi ya mtandaoni, historia yake kwa upande wa Kiswahili si ya jana. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyowekwa katika intaneti, na wasomaji wakaalikwa kuongeza maneno na kusahihisha. Wazo hilo lilikuwa jema, na faida yake yaonekana ikilinganishwa na kitabu: kati ya chapa ya kwanza ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu na ya pili, iliyotolewa mwaka 2004, ilipita miaka 23. Katika muda huo lugha haikungoja. Kamusi ya mtandaoni yaweza kupokea neno leo na kulirekebisha kesho, wala haina haja ya kuhesabu kurasa ili kupunguza mifano.

Lakini kamusi nyingi za namna hii zimejengwa kwa kuiga zile za lugha ambazo maneno yake hayabebi viambishi vingi. Mwanafunzi aandika *hatukumwandikia* katika kisanduku, na kamusi yenye vidahizo tu yajibu kwamba neno hilo halipo. Kitabu cha karatasi hakisemi uongo wa namna hiyo. Kinanyamaza, na mwanafunzi ajua kwamba kosa ni la utafutaji wake. Jibu la kioo, kwa mwanafunzi mchanga, ni hukumu juu ya neno.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kupotea kwa ngeli. Tazama neno *paa*. Laweza kuwa mnyama, nalo likafuatwa na upatanisho wa viumbe: *paa yule amekimbia*. Laweza kuwa sehemu ya juu ya nyumba, na wingi wake *mapaa*. Laweza kuwa kitenzi cha kwenda juu, au cha kumwondolea samaki magamba. Vivyo hivyo *ua*: lenye wingi *maua* ni la mmea, lenye wingi *nyua* ni la nyumba, na kitenzi *ua* ni cha kutoa roho. Mwenye kujua Kiswahili hutenganisha maana hizi kwa ngeli na upatanisho kabla hajafika kwenye maana. Kamusi iwekayo maneno ya Kiingereza mbele ya *paa*, manne kwa mstari mmoja, bila wingi wala ngeli wala mfano, yamwachia mwanafunzi kubahatisha. Hapa kosa si la kompyuta. Ni la mtungaji aliyeiona nafasi isiyo na mwisho naye akaitumia kama ukurasa wa kitabu cha mfukoni.

Chombo cha pili, yaani kichanganuzi, kimetajwa kidogo sana katika mazungumzo ya walimu, ingawa chastahili kutajwa kwanza. Asili yake ni kazi ya Kimmo Koskenniemi wa Finland, ambaye mwaka 1983 alieleza njia ya kuiwezesha kompyuta kuchambua maneno kwa kulinganisha umbo lionekanalo na umbo la ndani. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza mwaka 1985 kuitumia kompyuta kwa uchambuzi wa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya namna njia hiyo inavyofaa kwa lugha za Kibantu. Kutokana na kazi hiyo ulipatikana mfumo uitwao SALAMA, pamoja na hazina ya maandishi ya Kiswahili ambayo toleo lake la pili lina maneno takriban milioni 25, yote yakiwa yamechanganuliwa.

Kichanganuzi hufanya kwa *hatukumwandikia* jambo lile lile ambalo mwanafunzi hutakiwa kulifanya mbele ya kamusi ya karatasi: hukitaja kila kiambishi na kazi yake, kisha huonyesha mzizi. Na sifa yake kubwa ni uaminifu wake mbele ya utata. Mfano ulio bora ni neno *hujibu*. Katika vitenzi vya asili ya Kibantu, irabu ya mwisho huonyesha tofauti: *husoma* ni mazoea, *husomi* ni kanusho la nafsi ya pili. Lakini vitenzi vingi vilivyotoka katika Kiarabu havibadili mwisho wake katika kanusho. Kwa hiyo *hujibu*, *hufikiri*, *husafiri* na *husamehe* vina sura moja na asili mbili. *Mwalimu hujibu maswali* ni sifa, *Mbona hujibu?* ni lawama. Kichanganuzi, kikipewa *hujibu* peke yake, hutoa majibu yote mawili, na hivyo chamlazimisha mwanafunzi kurudi kwenye sentensi na kuuliza maana yake.

Si kwamba kichanganuzi hakina upungufu. Hujua mizizi iliyomo katika orodha yake tu, na orodha hiyo imetokana zaidi na Kiswahili sanifu. Kwa Mmvita, *ndoo* ni wito wa kumwita mtu aje, na *ndia* ni mahali pa kupita. Kwa chombo kisichofundishwa lahaja hiyo, la kwanza ni chombo cha maji na la pili ni neno geni. Mwalimu wa Mombasa atakayekitumia kusomesha tungo za kale za pwani yampasa awaambie wanafunzi wake mapema kwamba kunyamaza kwa kompyuta si ushahidi wa kosa la mshairi.

Kuhusu mashine ya kutafsiri, maneno machache yatosha, maana kazi yake si ya darasa la lugha hata kama hutumiwa humo kila siku. Google iliongeza Kiswahili katika mashine yake mwaka 2009. Hapo kwanza ilifanya kazi kwa kulinganisha vipande vya sentensi, na baadaye ikafuata mfumo unaoitazama sentensi nzima. Maendeleo yake ni makubwa, na afisa au mfanyabiashara ana haki ya kuyafurahia. Walakini tabia yake ni kuchagua jibu moja na kuificha njia. Ikipewa *hujibu* itachagua. Ikipewa *Daktari alimwambia muuguzi kwamba amechoka*, haina budi kuamua katika Kiingereza kama aliyechoka ni mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiswahili hakikulisema. Mwanafunzi asomaye tafsiri hiyo haoni kwamba uamuzi umefanywa. Kwake yeye, hivyo ndivyo sentensi inavyosema.

Yaweza kusemwa kwamba mchagua jembe si mkulima, na kwamba mwalimu hodari atafundisha kwa chombo chochote. Hoja hii ina ukweli wake kwa mwalimu mmoja mwenye ujuzi, lakini haiwafai walimu maelfu wanaopewa kifaa bila maelezo. Wengine watasema kwamba mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili hana haja ya kufundishwa kuchambua neno alilolisema tangu utotoni. Lakini kusema si kujua namna ya kusema, na watoto wengi wa Afrika Mashariki huanza shule wakiwa na lugha nyingine nyumbani. Zaidi ya hayo, Kiswahili hukua kwa mizizi yake. Neno *kipakatalishi* halisemi kitu kwa asiyeiona *pakata* ndani yake. Kizazi kitakachozoea kupokea maneno kama vipande visivyogawanyika kitashindwa kuyafahamu yale yaliyoundwa, na kuunda mapya kitashindwa zaidi. Hasara hiyo haitaonekana katika mtihani wa mwaka huu. Itaonekana pale ambapo kila kitu kipya kitaitwa kwa jina lake la kigeni kwa sababu hakuna aliyejua kwamba lugha yake ina karakana.

Namna ya kukitumia kichanganuzi darasani si ngumu. Wanafunzi wapewe neno moja, walichambue kwanza kwa kalamu, kila mmoja kwa nafasi yake; kisha kichanganuzi kionyeshwe, na tofauti zijadiliwe. Mahali ambapo kompyuta imetoa majibu mawili, darasa litunge sentensi mbili. Vivyo hivyo mwalimu aweza kutoa katika hazina ya maandishi mistari ishirini yenye neno *paa*, na wanafunzi wakaipanga kwa upatanisho wake pasipo kutazama kamusi hata kidogo. Watakapomaliza watakuwa wameiandika kamusi wenyewe. Zoezi la namna hii halitaki kompyuta kwa kila mtoto. Latosha kwa moja ya mwalimu, na pasipo na umeme mistari hiyo yaweza kuchapwa katika karatasi na kudumu miaka.

Hivyo basi, chombo cha kompyuta kinachostahili kuingia katika darasa la Kiswahili ni kile kinachotimiza masharti matatu: kionyeshe mzizi wa neno na viambishi vyake, kitaje ngeli na wingi wa kila jina pamoja na mfano wa upatanisho, na mahali palipo na majibu mawili, kiyatoe yote mawili. Maarifa ya kutimiza sharti la kwanza na la tatu yamekuwako tangu kabla ya intaneti kuenea katika shule zozote za Afrika Mashariki, na sharti la pili limetimizwa katika kamusi za karatasi kwa miongo mingi. Kinachokosekana ni kuviunganisha. Kamusi za Taasisi zina ngeli, kichanganuzi kina mizizi, na hazina ya maandishi ina mifano. Wakati huo huo mwanafunzi, ambaye hajaambiwa habari za vyote vitatu, aendelea kuiuliza mashine ya kutafsiri. Kazi hiyo ya kuunganisha ni ya wataalamu wa Kiswahili kabla ya kuwa ya mafundi wa kompyuta, kwa kuwa wao ndio wajuao nini kinachopaswa kuonekana mwanafunzi anapouliza neno.