Mstari wa Kuaminiwa: Jinsi ya Kuitambua Rekoda ya Chati Iliyo Bora

Ukitaka kujua kiwanda cha maziwa kinafanyaje kazi usiku, meneja akiwa amelala, omba chati ya usiku huo. Ni karatasi ya duara, upana wake kama sahani ya wali, na juu yake kalamu imechora joto la maziwa tangu zamu ilipoanza hadi ilipokwisha. Maziwa yanatakiwa yafike nyuzi 72 za Selsiasi na yakae katika joto hilo kwa sekunde 15. Yasipofika, vali huyarudisha nyuma yakapashwe upya, na kalamu ya pili, pembezoni mwa chati, huandika kwamba vali imegeuka.

Mashine inayochora chati hiyo ndiyo rekoda. Utaikuta kwenye boila za viwanda vya chai, kwenye otoklevu za hospitali, kwenye vyumba vya baridi vya samaki, kwenye mitambo ya umeme na kwenye visima vya gesi. Nyingi za siku hizi zina skrini na kumbukumbu ya kielektroniki, lakini za karatasi bado zinauzwa, mpya na zilizotumika, na wanunuzi wengi huzichagua kwa jina la kampuni au kwa uzito wa kasha. Mimi natanguliza kigezo kimoja: rekoda bora ni ile isiyoweza kuficha kasoro, iwe ya mtambo au ya kwake yenyewe. Mambo yakiwa shwari, rekoda zote huandika vizuri. Zinatofautiana waya ukikatika, umeme ukizimika, au karatasi ikinywa unyevu.

Anza na karatasi

Watu hukimbilia kuikagua mashine, na karatasi wakaiacha. Ianze karatasi, kwa sababu ndiyo itakayobaki faili likifunguliwa mwaka kesho.

Tupige hesabu. Chati ya duara ya inchi 10 ina kipenyo cha milimita 254. Kalamu ikiwa milimita 100 kutoka katikati, mzunguko mzima una urefu wa takriban milimita 628. Chati ikizunguka mara moja kwa saa 24, kila saa hupata milimita 26, na tukio la dakika tano hupata milimita mbili na ushei. Hilo linaonekana kwa macho. Chati hiyohiyo ikiwekwa ya siku saba, dakika tano hupata theluthi moja ya milimita, nafasi ndogo kuliko unene wa mstari wenyewe. Joto likishuka kwa dakika tano na kurudi, kushuka huko kutazikwa ndani ya wino. Chati ya siku saba hupunguza kazi ya kubadilisha karatasi, na inafaa kwa ghala ambalo joto lake hubadilika polepole. Kwa mtambo wa kupasha maziwa haifai hata kidogo.

Kadiri kalamu inavyosogea katikati, ndivyo saa zinavyobanana. Ikiwa milimita 40 kutoka katikati, kila saa inabaki na milimita 10 tu, hata kwenye chati ya saa 24. Basi chagua masafa yatakayokifanya kipimo unachokijali kiangukie nusu ya nje ya karatasi. Kwa nyuzi 72, chati ya 0 hadi 100 ni bora kuliko ya 0 hadi 200, ambayo hukupa nusu ya uwezo wa kusoma na kuisukuma kalamu yako kuelekea katikati.

Makontena ya baridi yaliyopita Mombasa na Dar es Salaam kwa miaka mingi yalibeba rekoda za Partlow zenye chati ya siku 31. Katika chati hizo saa moja haifikishi hata milimita. Zilitosha kumwonyesha mwenye mzigo kwamba kontena lilikaa siku mbili bila umeme, na hiyo ndiyo kazi ziliyopewa. Kigezo ni kimoja: tukio fupi kuliko yote linaloweza kukuharibia mali lazima lipate nafasi ya kuonekana.

Chati ya utepe, inayotembea kutoka kwenye bunda au roli, haina tatizo la kubanana katikati. Saa ina urefu uleule kuanzia pembe hadi pembe. Ina ugonjwa wake, nao ni unyevu. Karatasi hunywa maji yaliyomo hewani na kutanuka, na pwani ya Tanga au Mombasa hilo si jambo dogo. Chukua rula ya chuma upime upana wa mistari iliyochapwa, kutoka sifuri hadi mwisho. Ikiwa inatakiwa iwe milimita 100 nawe ukapata 101, tayari una kosa la asilimia 1 kabla kalamu haijagusa karatasi. Weka akiba ya chati ndani ya mfuko wake mpaka siku ya kuitumia.

Kalamu na mkono wake

Katika chati ya duara, mistari ya muda haijanyooka. Imepinda kufuata njia ya mkono wa kalamu. Isukume kalamu taratibu kwa kidole kutoka sifuri hadi mwisho wa chati, mota ikiwa imesimama. Wino ufuate mstari wa muda bila kuuacha. Ukiuacha, basi mkono umepinda, umefungwa kwa urefu usio wake, au chati ni ya mashine nyingine. Rekoda yenye kasoro hiyo huandika joto sahihi kwa saa isiyo sahihi, na chati ya namna hiyo huzua ugomvi baina ya zamu mbili.

Kisha tazama mguso. Kalamu inatakiwa iguse karatasi kwa wepesi kiasi cha kuandika tu. Ikigandamiza, msuguano huushika mkono, na mabadiliko madogo hayaandikwi mpaka yakusanyike. Wahandisi walilijua tatizo hili zamani. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alipobuni mwaka 1867 kifaa cha kunasa ishara hafifu za telegrafu zilizopita kwenye kebo za baharini, aliutoa wino kwa nguvu ya umeme kupitia mrija mwembamba wa kioo ili mrija wenyewe usiguse karatasi.

Gonga kasha kwa kifundo cha kidole. Kalamu iliyofungwa vizuri hutikisika kidogo na kurudi palepale. Ikihama na kubaki ilikohamia, mashine hiyo haiwezi kukaa karibu na kompresa.

Kwenye rekoda zenye kalamu mbili au tatu, uliza habari ya mpishano. Kalamu hupangwa zikitanguliana ili zisigongane, kwa hiyo tukio moja huandikwa mahali tofauti kwenye karatasi. Rekoda nzuri za kielektroniki husahihisha tofauti hiyo zenyewe. Aina ya nukta, kama Yokogawa µR10000 yenye rangi sita, hukwepa mgongano kwa kutumia kichwa kimoja kinachopiga nukta kwa zamu. Hiyo ni nzuri kwa joto la tanuri, ila haifai kwa shinikizo linalorukaruka, kwa sababu jambo linaweza kutokea na kwisha kati ya nukta mbili.

Kipimo cha kwenda na kurudi

Muuzaji akikuonyesha rekoda inayosoma sahihi katika nukta moja, hajakuonyesha kitu. Omba chombo cha kutoa ishara ya miliampea 4 hadi 20. Toa 4, 8, 12, 16 na 20, uache kalamu itulie kila mara, kisha rudi 16, 12, 8 na 4. Kwenye chati ya 0 hadi 100, miliampea 12 ni 50 kamili. Alama ya kupanda na alama ya kushuka zikiachana, pengo hilo ndilo ulegevu wa giya, pini na nyaya za ndani. Kosa la kila mara unaweza kulirekebisha kwa skrubu. Ulegevu haurekebishiki hivyo. Ni uchakavu, nao huongezeka.

Kwa sensa ya joto ya Pt100, tumia vizuizi vya umeme vya usahihi: omu 100 ni nyuzi 0, na omu 138.5 ni nyuzi 100. Ukipima kwa maji, barafu iliyosagwa ndani ya maji safi hukupa sifuri nzuri popote ulipo. Maji yanayochemka hayana uaminifu huo. Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100, lakini Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Fundi akilisahau hilo, ataiharibu rekoda nzima akidhani anaitengeneza.

Mstari mwororo kupita kiasi nao uutilie shaka. Boila huwaka na kuzimika, vali hutafuta mahali pa kutulia, na chati ya kweli huonyesha mawimbi hayo. Yasipoonekana, huenda mtu ameongeza uchujaji wa ishara ili karatasi ipendeze. Toa sensa kwenye barafu, itumbukize kwenye maji ya moto, kisha hesabu sekunde mpaka kalamu itulie. Muda huo ukizidi muda wa tukio unalotaka kulinasa, rekoda haikufai.

Waya ukikatika, itasema nini?

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ishara ya miliampea 4 hadi 20 ilipangwa ianzie 4 kwa makusudi: sifuri ya kipimo iwe na mkondo, ili waya ukikatika kalamu ianguke chini ya sifuri na kila mtu aone. Chomoa waya mbele ya muuzaji. Kalamu ikitulia juu ya sifuri kana kwamba mambo ni salama, mwachie mashine yake.

Kwa sensa ya joto ya aina ya themokapo, rekoda hukuruhusu kuchagua: ikikatika, kalamu ipande hadi mwisho au ishuke hadi chini. Jibu hutegemea hatari. Kwenye tanuri, ipande, ili moto uzimwe. Kwenye chumba cha baridi, ipande pia, ili kengele ilie. Kwenye mtambo wa kuua vijidudu, ishuke, ili sensa iliyokufa isionekane kama joto lililotosha. Muuzaji anayejua kazi yake atakuuliza unapima nini kabla ya kujibu.

Kanuni za Marekani za vyakula vya makopo vyenye asidi kidogo zina busara hiyohiyo, na anayepeleka makopo ya samaki huko anazifahamu. Zinataka rekoda ikaribiane kadiri iwezekanavyo na kipimajoto cha rejea, na isisome juu yake kamwe. Kosa likiwepo, liangukie upande wa usalama wa mlaji.

Zima umeme kwa dakika kumi, kisha uwashe. Rekoda bora huacha pengo au alama, na saa yake inabaki sahihi. Ya duara inayotumia mota ya umeme pekee husimama na kuendelea pale ilipoachia, kwa hiyo siku nzima inakuwa imechelewa dakika kumi bila dalili yoyote. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, saa ya kujazwa kwa ufunguo au ya betri ina thamani kubwa kuliko skrini.

Printa za joto

Rekoda za kasi, zinazotumika kuchunguza hitilafu za umeme au mitetemo, hazina kalamu. Kichwa kilichosimama, chenye vijoto vidogo kwa kawaida vinane kwa kila milimita, huunguza alama kwenye karatasi maalumu. Faida yake kubwa ni kwamba miraba na mstari huchapwa pamoja. Karatasi ikitanuka baadaye, vyote hutanuka pamoja na usomaji haupotei.

Chapisha ukanda mweusi kuanzia pembe hadi pembe. Mstari mweupe unaokimbia kwa urefu wa karatasi ni kijoto kilichokufa, na mahali hapo data haitaonekana tena. Kisha ijaribu karatasi. Wafanyabiashara wa Tanzania wanajua risiti za mashine za kodi za EFD zinavyofifia mpaka zikabaki nyeupe; karatasi ya joto ya bei rahisi ina tabia hiyohiyo. Acha kipande juu ya dashibodi ya gari juani alasiri nzima, na kingine ndani ya mfuko wa plastiki laini kwa wiki mbili. Kikigeuka cheusi, tafuta karatasi nyingine; kikififia, tafuta yenye tabaka la kinga. Kumbukumbu zihifadhiwe kwenye bahasha za karatasi, gizani, mbali na mafuta na gundi.

Kasha, na kabla ya kulipa

Alama ya IP65 maana yake vumbi haliingii na maji ya kurushwa kwa bomba hayapenyi. Soma maandishi madogo: mara nyingi sifa hiyo ni ya uso wa mbele tu, mgongo ukiwa wazi ndani ya kabati. Fungua mlango, bonyeza gasketi, tazama kama matundu ya waya yanazibika. Tundu la ukubwa wa kidole linatosha sisimizi na mjusi kuhamia humo.

Mwisho, uliza vitu vitatu: namba kamili ya chati, aina ya kalamu au kichwa, na nani anaviuza hapa nchini. Rekoda isiyopatikana kalamu ni chuma tu. Kisha taka cheti cha upimaji chenye kuonyesha makosa yaliyopatikana kabla na baada ya marekebisho, kutoka maabara inayotambulika. Mashirika ya viwango, TBS Tanzania na KEBS Kenya, yana maabara za vipimo.

Ukibanwa na bajeti, acha rangi, acha skrini, acha hata jina kubwa. Usiache jaribio la waya uliokatika, la umeme uliozimwa, na la kwenda na kurudi. Mashine ikifaulu matatu hayo, inunue hata kama kasha lake limechubuka. Ikishindwa moja, iache, kwa sababu anayekula na kunywa kinachotoka kiwandani kwako hana njia nyingine ya kujua kilichotokea usiku.