Kioo Hakiogopi Uzito

Tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 244, upana wa 61 na kimo cha 76 huchukua lita 1,130 za maji. Likiwa limetengenezwa kwa kioo cha milimita 19, lina karibu kilo 290 likiwa tupu, bila kuhesabu kabati lake. Likijaa, maji huusukuma ukuta wake wa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 700 hivi, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka, nacho kioo huvumilia. Lakini tangi hilohilo ukilikalisha juu ya kijiwe kimoja kilichosahaulika chini yake, laweza kupasuka kutoka pembe hadi pembe. Kioo hakiogopi uzito. Kinaogopa uzito usiogawanywa sawa.

Ufundi wote wa kusafirisha tangi kubwa umesimama juu ya jambo hilo, na hauonekani vizuri popote kama katika nchi za kaskazini, wakati wa baridi. Chukua safari ya kutoka Chicago hadi Minneapolis, kilomita 650 hivi kupitia Wisconsin, mwezi wa Januari. Anayeuza tangi anahama nyumba, na mwenye kuhama hasubiri theluji iyeyuke. Anayelitaka hulifuata na trela, hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi 20 chini ya sifuri. Wanaopishana naye barabarani huona furushi la mablanketi likikokotwa nyuma ya gari, wakaendelea na safari zao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi nataka kuusifu mzigo huu, na kuwasifu wanaojua kuubeba.

Kazi yao ina ukoo mrefu. Mwaka 1873 Livingston Stone, mfugaji wa samaki wa Marekani, aliondoka mashariki ya nchi hiyo kuelekea California na behewa la treni lililowekwa matangi ya samaki. Huko Nebraska daraja la mto Elkhorn liliporomoka, behewa likatumbukia, na samaki wakaishia katika mto ambao hawakuandaliwa kuishi ndani yake. Hata mwezi haukuisha, Stone alikuwa safarini tena na vifaranga wa samaki aitwaye shad, na safari hii akafika. Miongo kadhaa baadaye jijini Chicago ilijengwa Shedd Aquarium, nyumba ya kuonyeshea samaki, iliyofunguliwa mwaka 1930 mbali sana na bahari. Maji ya chumvi yalifuatwa Key West, kusini kabisa ya Florida, kwa mabehewa 20 ya matangi yaliyokwenda na kurudi mara nane. Kila samaki wa baharini aliyewashangaza watu wa jiji lile aliogelea katika kazi ya wabebaji.

Matangi ya zamani yalikuwa adui wa safari. Enzi za Philip Henry Gosse, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake The Aquarium mwaka 1854, vioo vilishikwa na fremu za chuma na kuzibwa kwa lami au puti. Puti hukauka, huwa ngumu, na ikitikiswa hupata nyufa. Katika miaka ya 1960 ikaenea gundi ya silikoni, na vioo vikaanza kushikamana vyenyewe kwa vyenyewe. Sifa yake kubwa kwa msafiri wa majira ya baridi ni kwamba hubaki laini katika baridi inayoufanya mpira wa kawaida ukakamae. Kioo cha sentimita 244 kikitoka kwenye joto la nyuzi 20 kwenda kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hupungua urefu kwa karibu milimita moja. Vioo vyote vikipoa pamoja husinyaa pamoja, na ile tofauti ndogo inayobaki humezwa na silikoni. Hatari huja pale upande mmoja unapopata joto na mwingine ukaachwa kwenye baridi.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kuondoa. Samaki hutangulia kwa njia yao, ndani ya masanduku yanayotunza joto. Mawe hutolewa, mchanga huchotwa wote, kisha tangi hufutwa kwa kitambaa kikavu hadi kwenye pembe na ndani ya matundu ya mabomba. Ukaushaji huu hudharauliwa na wenye haraka, lakini maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa asilimia 9 hivi, na maji yaliyojificha ndani ya bomba au pampu hayana pa kuongezekea ila kwa kuvunja kilichoyabana. Fundi mzuri hupitisha kidole katika kila kona kabla ya kuruhusu tangi litoke nje.

Kisha inakuja sakafu ya trela. Kwa macho ni tambarare, lakini mbao zake zimejipinda kwa mvua na jua, na chuma chake hujinyonga kila gurudumu moja linapopanda juu kuliko lingine. Tangi likifuata mnyongo huo, maungio yake huvutwa yasipotakiwa kuvutwa. Kwa hiyo hutandikwa plaiwudi nene, na juu yake povu gumu la plastiki linalomeza vijiwe na vichwa vya misumari. Fundi huweka pimamaji kwa urefu, kwa upana, halafu kwa mshazari, pembe hadi pembe, maana mshazari ndio unaofichua mnyongo. Tangi hukaa kwa kitako chake, urefu wake ukifuata urefu wa trela. Uzito nao hugawanywa kwa hesabu: karibu asilimia 60 ya mzigo hukaa mbele ya ekseli, ili trela isianze kuyumba nyuma ya gari kama mkia. Katika barabara yenye barafu, trela ikishaanza kuyumba ni vigumu sana kuituliza.

Mikanda ya kufungia mizigo hupita juu ya vipande vya mbao vilivyovishwa kitambaa, kwa sababu mkanda unaogusa kioo kitupu hukusanya nguvu zake zote kwenye ukingo mwembamba. Hapa ndipo mkono wa fundi hujulikana. Asiyejua hukaza mpaka mkanda ulie, akidhani kukaza ndiko kulinda. Anayejua hukaza upande huu kidogo, akazunguka, akakaza upande wa pili kidogo, akarudi, hadi mikanda yote inavuta sawa na tangi limeshikwa bila kubanwa. Halafu huja mablanketi na turubai, kwa ajili ya upepo, chumvi inayomwagwa barabarani na mawe yanayorushwa na malori.

Baada ya kilomita chache za kwanza dereva husimama na kukagua mikanda, kwani povu hubonyea na mikanda hulegea. Hupunguza mwendo kabla ya kila daraja. Daraja huganda mapema kuliko barabara iliyolala juu ya ardhi, kwa kuwa hewa ya baridi hulipiga juu na chini. Hafungi breki kwa ghafla wala hakati kona kwa ghafla. Kwake ukimya wa kilicho nyuma ni habari njema, na ili aupate huendesha saa nyingi bila kuruhusu mawazo yake yatangulie kufika nyumbani.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya mikono. Tangi la kilo 290 linahitaji watu sita wenye nguvu, na wakiwa wanane ni heri zaidi. Vile vishikio vya mpira vinavyong'ang'ania kioo kwa kufyonza hewa haviaminiki katika baridi hii, kwa sababu mpira umekakamaa na kioo kimeota ukungu wa barafu. Wabebaji huamini ubao wenyewe: hupitisha mikanda chini ya plaiwudi, wakainua tangi na kitanda chake. Katika vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park wanaishi Wakenya wengi, na si ajabu kazi kama hii ikasimamiwa kwa Kiswahili kwenye theluji. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri. Wengine husikiliza na kufuata, hata kama wamemzidi umri.

"Mzee, kona yako imeshuka kidogo."

"Nimekusikia, kijana. Haya, sasa je?"

"Hapo hapo. Twendeni, taratibu."

Katika hatua hizo, mwenye misuli akiinua kumpita mwenzake, anamwongezea mwenzake mzigo na kulinyonga tangi. Nguvu yake inakuwa na faida pale tu anapoipima kwa nguvu ya mwenzake. Nimeona watu wasiofahamiana asubuhi wakitembea jioni kwa hatua moja, kwa sababu kioo hakikuwapa ruhusa ya kutembea vinginevyo.

Wakifika, hawaliingizi moja kwa moja kwenye sebule yenye joto. Tangi hulala usiku kucha katika banda la gari, mbali na kipasha joto, kisha huhamia kwenye chumba chenye baridi ya wastani. Kioo hupitisha joto polepole. Ukilimwagia maji ya vuguvugu likiwa bado na baridi ya barabarani, uso wa ndani hutanuka wakati uso wa nje bado umesinyaa, na kioo huraruliwa na nusu zake mbili. Hewa ya ndani ikigusa kioo baridi hutoa umande. Umande ukikauka, fundi hungoja tena usiku mmoja. Kabati hupimwa kwa pimamaji, na huwekwa likikatiza boriti kadhaa za sakafu, kwa maana tangi likijaa, pamoja na mchanga na mawe, litazidi tani moja na nusu. Ndipo maji huingia: theluthi moja, kisha siku nzima ya kuangalia maungio, theluthi ya pili, na siku nyingine, halafu yote.

Kwa nini taabu yote hii? Kwa sababu ya wanaokuja kuishi humo. Wafugaji wengi wa kaskazini wenye matangi makubwa hufuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ya juu hukaa karibu na nyuzi 25 mwaka mzima. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha samaki hao kutoka Burundi, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, alipewa jina lake. Mwingine, Cyphotilapia frontosa, mwenye milia myeusi na nundu usoni, hukua kupita sentimita 30 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Samaki wa namna hiyo hawezi kupewa chombo kidogo. Jike wake hubeba mayai na kisha vifaranga kinywani kwa majuma kadhaa, bila kuwabana wala kuwaachia. Anastahili kupokewa na watu wanaojua kubeba.

Tumezoea kumsifu aliyekata vioo na kuviunga, na tunamlipa kwa jina la fundi. Anayelivusha tangi zima kutoka joto hadi baridi na kulirudisha kwenye joto tunamwita kibarua, tunapatana naye bei mlangoni, na akimaliza tunamshukuru kwa nguvu zake. Nguvu ni sehemu ndogo ya alichotufanyia. Amesawazisha sakafu, mikanda, mikono, joto na maji, kila kimoja kwa zamu yake, na hakuna hata kimoja ambacho kingefanyika kwa kubahatisha. Ufundi huu una haki ya kufundishwa kama mwingine wowote. Mwanafunzi apewe pimamaji kabla ya kupewa mkanda, ajifunze kupima kabla ya kukaza, na siku atakapojua, alipwe ujira wa fundi.