Sifa ya Ufundi wa Kutisha

Katika kazi zote ambazo wanadamu wamejifunza ili kuwaburudisha wenzao, hapana inayodhaniwa vibaya kama kazi ya kutisha. Maana achekeshaye hupewa shukrani, na alizaye hupewa heshima, lakini yule atutiaye hofu ili tupate kuijua mioyo yetu, aghalabu hulipwa shaka na chuki. Mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha tangu ujana wangu, na kwa kuwa makazi yangu ni Kahama, mahali ambapo hofu ya uchawi imewahi kuua watu, naona ni wajibu kuusemea ufundi huu mbele ya watu wa insafu.

Wako walalamikao kwamba filamu hizi hurudiwarudiwa, na kwamba anayerudia hana lake. Lawama hiyo haisimami. Kitabu cha Bram Stoker, Dracula, kilichotoka mwaka 1897, ndicho alichokitegemea F. W. Murnau katika filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922; Werner Herzog akaifanya upya mwaka 1979, na Robert Eggers akaifanya tena mwaka 2024, kila mmoja akitafuta hofu ya watu wa zama zake. Nasi huku Usukumani hatukungoja kufundishwa jambo hilo. Kisa cha Shing'weng'we, zimwi lililowameza watu, hata akatokea kijana Masala Kulangwa akaliua, kimesimuliwa na mabibi wasio na idadi, na hapana bibi aliyekisimulia sawasawa na mwenziwe: huyu alizirefusha hatua za zimwi, yule alinyamaza kidogo kabla ya kulitaja jina lake, na wajukuu, ingawa mwisho wa kisa waliujua, walisogeleana vilevile.

Ustadi uo huo nimeuona katika vibanda umiza, ambako wachimbaji wadogo, watokapo mashimoni na vumbi lingali nguoni, huketi bega kwa bega kutazama filamu za ugenini zilizotiwa sauti ya Kiswahili, kazi ambayo Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliipatia sifa kubwa nchini. Msimulizi hodari, muziki unapofifia na mlango kufunguka taratibu, hatamki neno. Huuacha ukimya ufanye kazi yake, kisha ghafla humwonya mhusika kana kwamba ni dada yake wa tumbo moja, na benchi zima humwonya pamoja naye. Na Mussa Banzi alipotoa filamu za Nsyuka na Shumileta katika miaka ya kwanza ya karne hii, mizuka na majini yakasema lugha yetu yenyewe, bila mkalimani.

Niliwahi kujaliwa kuzungumza na mama mmoja mwigizaji, ambaye nafasi zake za uchawi zilininyima usingizi. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu kwa sauti ya upole, na nilipomwomba siri ya ufundi wake alinionyesha badala ya kunieleza: aliinamisha kidevu, akayaacha macho yabaki juu yakinitazama, akaishusha pumzi polepole bila kupepesa, na pale mezani, mchana kweupe, mwili ukanisisimka. Kisha akacheka, akatia sukari katika chai yake, akasema kwamba wako watu ambao, wakimwona sokoni, hupita upande wa pili.

Neno hilo si jepesi kwa mkazi wa Kahama. Katika kanda hii vikongwe wameuawa kwa tuhuma ya uchawi kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo umeletwa na moshi wa kuni na samadi kavu walizopikia maisha yao yote. Na mwaka 2009 ni Mahakama Kuu iliyoketi hapa Kahama iliyowahukumu adhabu ya kifo watu 3 kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, mauaji yatokanayo na imani zizo hizo za uchawi. Hofu isiyopewa mahali pake hutafuta mnyonge wa kumwangukia. Mwigizaji stadi huipokea hofu hiyo kwa hiari, huibeba mbele yetu mpaka filamu iishe, kisha hunawa rangi usoni, ikawa dhahiri kwamba mchawi yule alitengenezwa kwa mikono ya watu.

Kwa ajili hiyo, mtengenezaji wa filamu anayekifanya upya kisa cha kutisha katika nchi hii ana amana shingoni mwake: asimtwike bikizee mwenye macho mekundu uovu wa kubuni, kwa sababu wako watakaotoka kibandani wakamtafute jirani anayefanana naye. Zimwi na lifanywe zimwi, na binadamu abaki binadamu. Nawe msomaji, ukimkuta mwigizaji aliyekutisha, usimkwepe. Mwamkie kwa taadhima inayostahili umri wake, umpe mkono, na umshukuru kwa kazi yake.